Busu Lipo Dakika ya Themanini: Majibu kwa Watazamaji wa Sinema za Krismasi

Toleo lililopita tulihakiki sinema moja nyepesi ya runinga, ya aina mnayoifahamu: wakili wa mjini anarudi kijijini kuuza nyumba ya wageni ya bibi yake, anakutana na seremala mjane mwenye binti mmoja, wanapamba mti pamoja, nyumba haiuzwi. Tuliipa nyota tatu kati ya tano. Barua zimemiminika, nusu zikitusuta kwa kuisifu na nusu kwa kutoisifu vya kutosha. Tumechagua zilizouliza jambo.

Ndugu mhariri, kuna haja gani ya kukaa saa mbili kutazama kitu ambacho mwisho wake unaujua? Mimi niliujua dakika ya tatu.

Dakika ya tatu umechelewa. Bango lenyewe limeshawasimamisha wawili hao mgongo kwa mgongo, mmoja koti jekundu, mwenzake sweta la kijani. Waandishi hawakushindwa kuficha mwisho, hawakutaka kuuficha. Katika aina hii mwisho ni ahadi iliyotolewa mapema, na anayetazama anangoja kuona nini kitawachelewesha. Kwa hiyo ukisema “inatabirika” hujamwambia mwenzako lolote. Lalamikia kilichowachelewesha.

Na hapo kwenye kuchelewesha ndipo sinema hii ilipotuangusha. Sinema ya runinga ya Marekani yenye matangazo hupewa nafasi ya saa mbili hewani, lakini yenyewe huwa na dakika 85 hivi, muda uliobaki ni wa wenye sabuni na magari. Mswada hugawanywa sehemu tisa, na kila sehemu lazima iishie mahali patakapomrudisha mtu kitini baada ya matangazo. Sehemu ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, inaweza kupita robo saa bila tangazo, ili mtazamaji anaswe kabla hajashika rimoti. Kutoelewana kukubwa huwekwa karibu na mwisho wa sehemu ya saba, dakika ya 65 hadi 70. Ya nane ni ya majuto, ya tisa ni ya kupatana.

Mwandishi mvivu hufika mwisho wa sehemu ya saba akiwa mikono mitupu. Basi humfanya mmoja asikie nusu ya maongezi ya simu, akasirike, afungashe. Ndivyo ilivyokuwa kwa wakili wetu: seremala alimsikia akisema “nitauza”, akaondoka kabla ya kusikia “gari langu”. Kipimo chetu ni rahisi. Jiulize: mmoja wao akitamka sentensi moja tu, je, sinema inakwisha hapo hapo? Kama jibu ni ndiyo, kikwazo ni cha karatasi. Kikwazo cha kweli hakimalizwi na maelezo, kwa sababu kila mmoja anataka kitu kizuri na vitu hivyo viwili havikai pamoja. Bibi ana deni benki lenye tarehe, seremala amepata kazi ya mwaka mzima mbali na hapo, binti ameshakubali kuhama. Yote hayo yalikuwemo kwenye sinema, tena katika nusu saa ya kwanza, kisha yakaachwa. Tuliikata sinema nyota kwa hilo, si kwa mti wala kwa busu.

Tukiwa kwenye busu: watu wazima wawili, mmoja ana mtoto kabisa, kwa nini wasubiri hadi jina la mwongozaji linakaribia kupanda kwenye kioo?

Kwa sababu busu likishatoka, swali pekee lililokuwa likimzuia mtazamaji asibadilishe stesheni limejibiwa, na bado kuna matangazo ya kuuza. Jambo la pili ni kwamba sinema hizi zimekusudiwa sebule yenye watoto na wazee pamoja, hivyo busu linabeba peke yake uzito wote ambao kwingineko hubebwa na mambo mengine.

Mnachokiona katikati, kati ya sehemu ya nne na ya sita, ni busu lililokatizwa: nyuso zinasogeleana, kengele ya jiko inalia, mtoto anaita, theluji inaporomoka kutoka paani. Mara moja inanogesha. Mara ya pili tunavumilia. Ya tatu ni dalili kwamba mswada umeishiwa, na sinema ya nyumba ya wageni ilifika tatu. Majukwaa ya intaneti kama Netflix hayajengi sinema kuzunguka mapumziko ya matangazo kwa namna hiyo, yangeweza kuliweka busu mapema zaidi, lakini mengi ya sinema zao yamerithi mwendo ule ule.

Mimi nimezaliwa kwenye baridi, nisidanganywe. Theluji ile ilikuwa ya uongo. Walitumia nini?

Mchanganyiko, na ukijua kutazama utaona kila kimoja kilipo. Chini, mbali na kamera, hutandikwa mablanketi meupe ya nyuzinyuzi juu ya nyasi. Juu ya hayo hupulizwa karatasi iliyosagwa vipande vidogo, ambayo pia hupakwa kwenye kingo za madirisha na matawi. Pale waigizaji wanapokanyaga au kurushiana madonge humwagwa barafu iliyosagwa, kwa sababu karatasi haishikamani kuwa donge. Inayoanguka angani ni povu la sabuni linalopulizwa na mashine.

Kila kimoja kina aibu yake. Blanketi halitoi alama ya unyayo, mtu anavuka uwanja na nyuma yake hakuna kitu. Karatasi hunata kwenye midomo yenye rangi na kwenye kope, haiyeyuki hata mtu akiingia ndani akakaa mbele ya moto. Povu likitua kwenye koti jeusi huwa kiputo, kisha hupasuka na kuacha doa la unyevu. Barafu iliyosagwa huyeyuka kabla ya mchana, kwa hiyo sini zake (vipande vya sinema vya tukio moja) hupigwa asubuhi au wafanyakazi huongeza nyingine kila mara. Theluji hugharimu kwa mita ya mraba, ndiyo maana kamera haigeuki kamwe kuonyesha mwisho wa mtaa: mita kumi mbele kuna nyasi za kijani.

Sinema nyingi za namna hii hupigwa kati ya majira ya kuchipua na ya kiangazi ili ziwe tayari kuonyeshwa kuanzia mwisho wa Oktoba. Ushahidi usiofutika ni jua. Katika Desemba ya kaskazini jua la mchana liko chini na vivuli ni virefu. Mkiona kivuli kifupi kimejikunja miguuni pa mtu aliyevaa manyoya, huo ni Julai. Angalieni pia miti ya nyuma yenye majani mapana, na makoti yasiyofungwa vifungo kwa sababu aliyemo ndani anachemka. Pumzi haitoi mvuke, labda ichorwe kwa kompyuta baadaye, na kuichora sini moja moja ni gharama, kwa hivyo huwekwa kwenye ile ya busu tu na kusahauliwa kwingine.

Udanganyifu huu ni wa zamani. Hollywood iliwahi kutumia vipande vya mahindi vya kifungua kinywa vilivyopakwa rangi nyeupe, vikawa na kelele kiasi kwamba mazungumzo ya waigizaji yalilazimika kurekodiwa upya. Kwa ajili ya sinema It’s a Wonderful Life ya mwaka 1946, iliyopigwa wakati wa joto kali, mafundi wa studio ya RKO walichanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, likapulizwa kimya kimya, na mazungumzo yakanaswa papo hapo. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya kiufundi ya Academy, chama kinachotoa tuzo za Oscar. Kwa hiyo uongo wenyewe tunausamehe. Tunachomlaumu mwongozaji ni kupiga picha pana mchana kweupe akijua ana theluji ya kutosha kona moja.

Taa za mti zilikuwa zinapepesa kama zina homa. Ni runinga yangu?

Si runinga. Taa za bei rahisi za LED huwaka na kuzimika kufuata mkondo wa umeme, kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaiona. Marekani ya Kaskazini umeme ni hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Kamera inayopiga fremu (picha) 24 kwa sekunde kwa shata, yaani kizuizi cha kamera kinachopima muda wa mwanga kuingia, ya kawaida ya digrii 180 huacha mwanga uingie kwa sekunde 1/48, ambayo hailingani na mapigo ya taa. Mpiga picha akipunguza shata hadi digrii 144 anapata 1/60 na kupepesa kunakoma. Kwenye umeme wa hezi 50 angehitaji digrii 172.8. Inachukua dakika moja kurekebisha. Kutoirekebisha ni haraka tu.

Vikombe vya kahawa vitupu! Vitupu, mhariri!

Ndiyo, na tunakubaliana nawe kwa hasira ile ile. Maji yangemwagika kwenye koti ambalo liko moja au mawili tu, na kiwango cha kinywaji kingelazimika kulingana kila sini inaporudiwa. Lakini kuna tiba ya senti chache: kitu kizito ndani ya kikombe na kifuniko juu. Mkono wenyewe utainama ipasavyo. Kikombe kinachopepea hewani huku mtu akisimulia kifo cha mke wake kinaua sini nzima.

Kila mwaka ni mji ule ule na sura zile zile. Je, hawa watu wameishiwa na waigizaji?

Wameishiwa na siku, na wanafuata nafuu ya kodi. Siku kwanza. Sinema hizi hupigwa kwa takriban siku 15 za kazi. Mswada wa kurasa mia moja na kidogo ukigawanywa humo ni kurasa saba kwa siku, wakati sinema kubwa ya kuonyeshwa kumbini inaweza kujipa mbili au tatu. Kuhamisha magari, taa na watu kutoka jengo moja hadi jingine hula saa nzima au zaidi. Basi jengo moja hugeuzwa duka la keki asubuhi, ofisi ya meya mchana, ukumbi wa ngoma jioni. Mkitazama tena sinema ya nyumba ya wageni mtaona ngazi ya mbao ya bibi na ngazi ya maktaba ni moja, imegeuzwa upande. Mtoto naye sheria humpa saa chache za kazi kwa siku, ndiyo maana binti wa seremala analala mapema mno kila jioni. Mwongozaji mwenye akili huutumia ufinyu huo kwa kuwafanya wahusika watembee wakizungumza, kurasa tatu zinakwisha kwa picha moja ndefu. Asiye na akili huwaketisha mezani na kukata huku na huku.

Sasa kodi. “Vermont” au “Connecticut”, majimbo ya Marekani, mnayoiona mara nyingi ni Kanada. Fort Langley katika British Columbia na Almonte katika Ontario ni miji midogo ambayo imekuwa mandhari ya sinema nyingi za Krismasi. Serikali kuu ya Kanada hurejesha asilimia 25 ya gharama za wafanyakazi zinazokubalika kwa sinema iliyothibitishwa kuwa ya Kikanada, gharama hizo zikikomea asilimia 60 ya gharama zote, na majimbo yana marejesho yao. Ili kuthibitishwa, kwa kawaida sinema ipate angalau alama 6 kati ya 10: mwongozaji ana alama 2, mwandishi 2, na alama moja moja kwa waigizaji wawili wakuu, mpiga picha mkuu, mbunifu wa mandhari, mtunzi wa muziki na mhariri wa picha. Zaidi ya hapo, mwongozaji au mwandishi mmojawapo lazima awe Mkanada, na mmoja wa waigizaji wawili wanaolipwa zaidi pia. Kwa hiyo mara kwa mara mtaona nyota mmoja wa Marekani mnayemjua kutoka tamthilia fulani ya zamani, na kando yake Mkanada mwenye taya nzuri. Wakanada wanaoweza kukariri kurasa saba kwa siku bila kukosea ni wachache, wakipatikana huitwa tena. Hilo si kosa la sinema. Kazi ya namna hiyo ina heshima yake.

Na hizi nchi za kifalme zisizokuwepo kwenye ramani?

Nchi ya kubuni haina katiba, haina familia ya kifalme itakayolalamika, na sheria zake za urithi zinaweza kudai mfalme atawazwe usiku wa mkesha wa Krismasi kama mswada unahitaji muda wa mwisho unaokaribia. Ufalme wa Aldovia katika A Christmas Prince ya Netflix, mwaka 2017, ulipigwa Romania, ambako ngome za kweli zinapatikana kwa gharama ya chini kuliko kujenga ukuta wa mbao. Watu wote huko huongea Kiingereza cha Uingereza, sijui nani aliwafundisha. Sharti letu moja kwa sinema za mwanamfalme: awe na kazi inayoonekana. Prinsi asiye na lolote la kufanya isipokuwa kupanda farasi hana cha kupoteza.

Sinema ya Krismasi isiyomtaja Kristo hata mara moja, ni Krismasi gani hiyo?

Swali hili limeletwa na watu wengi, kwa hiyo tunalijibu kwa kina kidogo. Hallmark Channel, stesheni ya runinga ya Marekani iliyoanza mfululizo wake mkubwa wa sinema za Krismasi mwaka 2009 na kufikia sinema mpya 40 msimu wa 2019 kupitia stesheni zake mbili, huuza matangazo kwa watu wa imani zote na wasio na imani. Kanisa huonekana kama kwaya, pango la Noeli kama pambo la dirishani, na maneno ya wahusika huzungukia familia, kumbukumbu na hisani. Waliotaka zaidi ya hapo wamepata pa kwenda. Bill Abbott, aliyeongoza kampuni ya stesheni hizo hadi Januari 2020, akaja kuongoza stesheni ya Great American Family, inayojitangaza wazi kuwa ya imani na familia, na mwigizaji Candace Cameron Bure, aliyekuwa sura kubwa ya Krismasi za Hallmark, akahamia huko mwaka 2022.

Kwa mhakiki, suala la imani lihukumiwe ndani ya sinema yenyewe. Ikiwa bibi anaonyeshwa kuwa mcha Mungu, sala yake ya mkesha ifupishwe ila iwepo. Katika nyumba ya wageni alikuwa na Biblia mezani sini tatu na hakuifungua. Huo ni woga wa mwandishi, na unaonekana.

Mimi na mume wangu tumegombana. Yeye anasema wale wawili hawaivani hata kidogo, mimi niliona moto. Nani yuko sahihi?

Dada, tuliirudia sinema kwa ajili yenu. Zima sauti, chagua sini ya dakika mbili wanayozungumza, mtazame asiyezungumza. Mwigizaji anayependa huanza kuitikia kabla ya mwenzake kumaliza: jicho linasogea, kona ya mdomo inapanda, mwili unageukia upande wa sauti. Asiyependa husubiri zamu yake. Kisha hesabu ni mara ngapi wote wawili wako ndani ya picha moja, miili mizima, bila kukatwa. Mhariri wa picha akigundua hawaivani hujificha kwenye nyuso moja moja: yeye, yule, yeye, yule. Hivyo anaweza hata kuchukua tabasamu la sini nyingine na kulipachika, na mara nyingine hufanya hivyo.

Katika sini ya kupamba mti wakili anaitikia, seremala anangoja zamu. Sini ya karakana, dakika ya 38, mambo yanageuka: picha moja ya karibu dakika nzima, seremala anamwonyesha wakili namna ya kushika randa, hakuna muziki, na ni seremala anayesahau kuendelea kuzungumza. Mume wako ameitazama nusu ya kwanza, wewe umekumbuka ya pili. Wimbo wa kinanda ulipowekwa juu ya kila mtazamo baada ya hapo, ulifanya kazi ambayo waigizaji walikuwa wameshaimaliza, na tunashuku ndio uliomchosha mume wako.

Nataka kuandika maoni yangu na kutoa nyota, ila kila nikisoma ya wenzangu naona ni tano au moja. Nianzie wapi?

Anza kwa kuandika dakika. Kukutana kwao kwa mara ya kwanza (kukipita dakika ya kumi, sinema imechelewa), kicheko chako cha kwanza cha kweli, busu lililokatizwa, ugomvi, busu lenyewe. Mistari mitano kwenye karatasi itakuonyesha mwendo mzima, na itakuzuia kuandika “ilinichosha” bila kujua ilikuchosha wapi. Mara nyingi ni kati ya dakika ya 40 na 60, ambako mashindano ya biskuti na sherehe ya kijiji hujaza pengo lisilo na tukio. Ukikuta sini hapo inayoweza kuondolewa bila mtu kugundua, itaje.

Halafu tenganisha nyota. Usimpunguzie mwigizaji kwa theluji, wala mwandishi kwa taa. Sisi tunatoa moja kwa kikwazo, moja kwa kuivana, moja kwa mazungumzo, moja kwa wahusika wa pembeni, na moja kwa muonekano. Muonekano tunaupima kwa sinema za siku 15, si za mwaka mzima. Wahusika wa pembeni ni nyota inayosahaulika zaidi: rafiki wa wakili kwenye simu alikuwa na maisha yake, mchumba wa mjini alikuwa na simu tu. Mchumba anayeachwa akiwa mjinga au mkatili humrahisishia mhusika mkuu uamuzi, na uamuzi rahisi hauhitaji dakika 85.

Mwisho usiufiche, kila mtu anaujua. Kinachofaa kufichwa ni kikwazo kama ni kizuri, na mzaha bora wa sinema. Ukilazimika kukitaja, kiweke aya ya mwisho na umwonye msomaji kabla.